Niantic, Connecticut: kwa nini kubadilisha daraja la reli kulilazimu njia ya ufukweni ijengwe upya?

MwanafunziUjenzi aliandika:

Wakuu, salaam. Ninaandaa tasnifu ya shahada ya kwanza ya uhandisi wa ujenzi, na mfano niliouchagua ni daraja la reli la Mto Niantic katika jimbo la Connecticut, Marekani, linalounganisha miji ya East Lyme na Waterford. Daraja la zamani lilijengwa mwaka 1907 na kampuni ya reli ya New York, New Haven and Hartford. Lilikuwa daraja la kuinuka, yaani sehemu yake iliyo juu ya mkondo wa boti ilinyanyuka kwa upande mmoja ili boti zipite, kisha ikashuka tena ili treni zipite. Shirika la Amtrak, ambalo ndilo linaloendesha treni za abiria za masafa katika reli hiyo, lilianza kujenga daraja jipya mwaka 2010 na kazi ya daraja lenyewe ikakamilika mwaka 2013.

Mambo mawili yananisumbua. La kwanza ni kwamba daraja jipya halikujengwa pale pale lilipokuwa la zamani, bali liliwekwa futi 58 upande wa kusini, karibu mita 18, na reli za pande zote mbili zikahamishwa zilifuate. Kwa mtazamo wangu wa darasani, kuhamisha reli ni gharama kubwa ambayo mtu angeikwepa kama angeweza.

La pili ni njia ya watembea kwa miguu inayoambatana na reli hiyo kandokando ya Ghuba ya Niantic. Ilifunguliwa mwaka 2005, ina urefu wa takriban maili 1.1, na inaanzia Cini Park karibu na daraja hadi ufukwe unaoitwa Hole-in-the-Wall. Sehemu yake iliondolewa wakati wa ujenzi wa daraja, nyingine ikaharibiwa na dhoruba, na njia nzima ikarudi kutumika mwaka 2016, miaka mitatu baada ya daraja kukamilika. Msimamizi wangu anaona njia hiyo ni suala la mandhari ambalo linatosha aya moja. Mimi nahisi ndiyo sehemu ngumu zaidi ya mradi wote, ila sijaweza kulijenga hoja hilo kihandisi. Naomba wenye ujuzi wanisaidie.

FundiMadaraja alijibu:

Ndugu mleta mada, nitajibu swali lako la kwanza, kwa kuwa madaraja ya kuinuka ndiyo kazi niliyoifanya kwa muda mrefu.

Anza na reli yenyewe. Hiyo ni sehemu ya njia kuu ya treni kati ya Boston, New York na Washington. Sehemu yake kubwa katika Connecticut, mashariki ya New Haven, inafuata pwani, na tangu mwaka 2000 kipande chote cha New Haven hadi Boston kina nyaya za umeme juu yake. Hakuna njia nyingine yenye umeme ambayo treni hizo zingepitishwa wakati daraja limefungwa. Kwa hiyo mhandisi anaanza na sharti moja lisilojadiliwa: treni ziendelee kupita wakati wote wa ujenzi, isipokuwa kwa saa au siku chache zilizopangwa mapema. Ukilikubali sharti hilo, umebakiwa na njia mbili tu. Ama ujenge jipya kando ya la zamani na kuhamisha reli mwishoni, ama utumie nguzo za zamani na kubadilisha sehemu ya juu kwa haraka sana.

Njia hiyo ya pili si ya kufikirika. Ilitumika maili chache tu mashariki ya hapo, kwenye daraja la reli la Mto Thames huko New London. Daraja hilo la mwaka 1919 lilikuwa la kuinuka kwa upande mmoja. Mwaka 2008 kipande chake kinachosogea kiliondolewa na kuwekwa kingine kinachopanda wima kati ya minara miwili, na treni zilisimamishwa kwa siku nne tu, mwezi Juni, wakati wa kubadilishana vipande hivyo. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu mkondo wa boti uliokuwepo ulitosha, na maandalizi ya minara yalifanywa huku treni zikiendelea kupita.

Niantic haikuwa hivyo, kwa sababu tatizo lake halikuwa uchakavu wa chuma peke yake. Lango la boti katika daraja la zamani lilikuwa na upana wa futi 45 tu, na kimo kutoka usawa wa maji hadi tumbo la daraja likiwa limeshushwa kilikuwa futi 11.5. Kumbuka kwamba Niantic si mto wa kawaida, bali ni mlango wa bahari. Maji yanayojaza na kuondoka katika bonde lote lililo nyuma ya daraja hupita katika mdomo huo mwembamba mara mbili kwa siku, yakienda kwa kasi. Nahodha wa boti ya starehe anayengoja daraja linyanyuke huku mkondo unamsukuma kuelekea nguzo, na upande wa pili kuna boti nyingine inayotaka kutoka, yuko katika hatari ya kweli. Daraja jipya lina lango la futi 100 na kimo cha futi 16. Huwezi kupanua lango kutoka futi 45 hadi 100 bila kuziondoa nguzo zilizolibana, na ukiziondoa nguzo hizo, treni haina pa kupita. Hapo ndipo futi 58 za kusini zilipotoka.

Labda utauliza mbona hawakujenga daraja refu la kudumu lisilohitaji kuinuka. Fanya hesabu ndogo. Treni hupanda mwinuko mdogo sana, na tukichukua asilimia moja, kila futi moja ya kupanda inadai futi 100 za reli. Kutoka futi 16 hadi futi 50 ni ongezeko la futi 34, yaani futi 3,400 za mteremko kila upande, zaidi ya kilomita moja, katika pwani ambayo reli ipo karibu na usawa wa bahari na mji umeigusa. Hata kimo hicho kisingetosha kwa mashua zenye milingoti mirefu. Katika jimbo la New Jersey, kwenye Mto Hackensack, waliweza kuchagua daraja la kudumu la futi 50 kuchukua nafasi ya Portal Bridge, daraja la reli linalosogea la mwaka 1910, kwa sababu eneo lile ni bonde pana la kinamasi lenye nafasi ya miteremko. Kila mahali pana ardhi yake.

Niongeze jambo moja kuhusu uzee wa madaraja haya, kwa maana wasomaji wengi hudhani hatari yake ni kuanguka. Mara nyingi hatari iliyo karibu zaidi ni kukwama. Daraja la kuinuka la aina ya Scherzer, kama lile la zamani la Niantic, lililobuniwa na William Scherzer wa Chicago katika miaka ya 1890, hubingirika kuelekea nyuma juu ya njia ya chuma, likisawazishwa na uzito mkubwa upande wa pili. Likiwa jipya, mota ndogo tu hulinyanyua. Baada ya miaka mia moja ya chumvi, njia ya kubingirikia huwa imeliwa, nguzo zimelala kidogo, na ncha ya daraja hairudi tena mahali pake barabara. Reli zisipokutana sawasawa, ishara haifunguki, na treni zote zinasimama. Huko Norwalk, jimbo hilo hilo, daraja la mwaka 1896 linalozunguka lilikwama mara mbili likiwa wazi, mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni 2014, na maelfu ya wasafiri wakabaki njiani. Hilo ndilo lililokuwa likiepukwa Niantic.

MawimbiNaMchanga aliandika:

Nimesoma maelezo ya FundiMadaraja kwa furaha. Sasa niyachukue pale alipoyaacha, kwa sababu hizo futi 58 ndizo zinazobeba jibu la swali la pili.

Mleta mada, chukua ramani ya Niantic utazame mpangilio wake. Mji upo kaskazini, reli ipo katikati, na ghuba ipo kusini. Kusini mwa reli ndiko kuna ukanda mwembamba wa mchanga na njia ya watembea kwa miguu. Kwa zaidi ya karne moja tuta la reli limekuwa kama ukuta kati ya wenyeji na bahari yao, na jina la ufukwe ule wa Hole-in-the-Wall linatokana na tundu la kupita chini ya tuta hilo. Njia iliyofunguliwa mwaka 2005 ilikuwa na thamani kubwa kwa sababu iliwapa watu mahali pa kutembea baharini bila kukatiza reli zenye treni za mwendo kasi. Kwa hiyo reli inaposogezwa kusini, haisogei kwenye ardhi tupu. Inasogea juu ya njia ya watu, na njia ya watu nayo inasukumwa kuelekea majini.

Hapo pana mambo mawili ambayo mwanafunzi wa ujenzi hafundishwi sana. Kwanza, tuta jipya linahitaji ukuta wa kulizuia, na ukuta ulio wima mbele ya bahari huyarudisha mawimbi badala ya kuyameza. Wimbi linalorudi hukutana na linalokuja, maji yanachafuka miguuni pa ukuta, na mchanga unachukuliwa. Kadiri mchanga unavyopungua ndivyo kina kinavyoongezeka, na kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo mawimbi makubwa zaidi yanavyoufikia ukuta. Ndiyo maana mradi wa Niantic ulijumuisha kuleta mchanga na kuurudishia ufukwe upana wake. Wapo wanaoona kwamba mchanga ule ulikuwa zawadi kwa waogaji. Mimi nauona kuwa ni sehemu ya msingi wa reli, kwa kuwa ufukwe mpana huvunja nguvu ya wimbi kabla halijafika kwenye ukuta.

Pili, dhoruba hazikungoja mkandarasi amalize. Irene ilipiga pwani hiyo Agosti 2011, na Sandy Oktoba 2012, zote mbili ndani ya kipindi cha ujenzi. Ghuba ya Niantic inafunguka kusini kuelekea Long Island Sound, kwa hiyo upepo wa kusini na kusini-mashariki huyarundika maji moja kwa moja mbele ya njia ile.

Ningependa ueleze vizuri katika tasnifu yako namna njia ya ufukweni inavyoharibika, kwa sababu watu wengi huwaza wimbi linaloipiga kutoka mbele na kuivunja. Mara nyingi haivunjiki hivyo. Ikiwa ni jukwaa la mbao juu ya nguzo, maji hupanda kutoka chini, hewa iliyonaswa chini ya sakafu inakosa pa kutokea, na sakafu inanyanyuliwa kutoka kwenye boriti zake. Ikiwa ni njia iliyojengwa juu ya kifusi nyuma ya ukuta, wimbi huruka juu ya ukuta, maji yanapenya kwenye kifusi, na yanaporudi baharini yanaondoka na udongo kupitia kila ufa. Asubuhi unakuta sakafu ingali nzima juu ya shimo. Aina ya tatu ni kuchimbwa kwa kitako: mchanga ulioshikilia nguzo unaondoka kwa mita moja au mbili, na nguzo iliyokuwa imara jana leo inatikisika. Kila aina ina dawa yake, na dawa hizo zinagongana. Nafasi kati ya mbao husaidia maji na hewa kupita, lakini njia inayopaswa kutumiwa na kiti cha magurudumu haiwezi kuwa na nafasi pana. Kuinua njia kunaiepusha na maji, lakini ukiinua sana unaijengea kivuli mchanga wote na kuwazibia watu njia ya kushuka ufukweni. Mawe makubwa ya kinga hufanya kazi nzuri, mradi yalazwe juu ya kitambaa cha kuchuja na mawe madogo, kwa sababu bila hivyo mchanga ulio chini yake unanyonywa polepole na mawe yenyewe yanazama.

Jambo la mwisho, na hili nalisisitiza. Njia ile na tuta la reli vinashiriki ukuta mmoja, mchanga mmoja na bahari moja. Njia ikimong'onyoka, kinachofuata kupigwa ni tuta linalobeba treni. Anayeihesabu kuwa pambo ameondoa tabaka la kwanza la ulinzi wa reli katika mchoro wake. Mpe msimamizi wako hoja hiyo kama ilivyo.

MwanafunziUjenzi aliandika:

Wakuu, nashukuru kwa dhati. Suala la ukuta na mchanga sikuwa nimeliona hata kidogo, na sasa naelewa kwa nini urefu wa muda kati ya 2013 na 2016 hauwezi kusomwa kama uzembe peke yake. Naomba niulize moja zaidi. Kwa nini shirika la reli liwe na wajibu wowote juu ya njia ya watu wa mji? Je, wenyeji walikuwa na haki ya kisheria ya kusema kitu, au ilikuwa hisani?

SheriaNaArdhi alijibu:

Si hisani, ndugu yangu, ingawa pia si haki iliyoandikwa mahali pamoja. Inatokana na sheria kadhaa zinazokutana mahali hapo.

Mradi unaotumia fedha au kibali cha serikali ya shirikisho ya Marekani unaangukia chini ya Sheria ya Kitaifa ya Sera ya Mazingira iliyopitishwa na bunge mwaka 1969. Sheria hiyo hailazimishi uamuzi fulani. Inalazimisha madhara yaelezwe, njia mbadala zilinganishwe, na umma upewe nafasi ya kutoa maoni kabla ya uamuzi. Njia ya kutembea inayobomolewa ni athari ambayo haiwezi kufichwa katika maelezo ya namna hiyo. Halafu kuna Sheria ya Kuhifadhi Historia ya mwaka 1966. Madaraja ya reli yanayosogea ya Connecticut, likiwemo hilo la Niantic, yaliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria mwaka 1987, na hivyo kuliondoa kulihitaji mashauriano, ambayo kwa kawaida huishia katika kupiga picha na kuhifadhi michoro ya daraja kabla halijabomolewa. Daraja lolote juu ya maji yanayopitika kwa vyombo linahitaji pia kibali cha Walinzi wa Pwani wa Marekani, na ndio wanaoangalia upana wa lango na kimo ambacho FundiMadaraja amekieleza.

Lakini msingi ulio karibu zaidi na swali lako upo katika sheria ya jimbo. Huko Connecticut, ardhi iliyo chini ya wastani wa usawa wa maji kujaa inashikiliwa na jimbo kwa niaba ya umma, hata pale ambapo ardhi ya juu yake ni mali ya mtu au shirika. Reli inaposogea kuelekea baharini, inasogea kuelekea mpaka huo, na pengine kuuvuka. Wenye mamlaka ya kutoa kibali wanauliza umma unapoteza nini na utarudishiwa nini. Mchanga ulioletwa na njia iliyojengwa upya vinaeleweka vizuri zaidi ukivisoma kama jibu la swali hilo.

Angalia pia suala la majira. Vibali vya kuchimba na kupigilia nguzo majini huweka miezi ambayo kazi hairuhusiwi kwa ajili ya samaki wanaozaliana. Mto Niantic unajulikana kuwa mazalio ya samaki bapa wa majira ya baridi, na ni kati ya sehemu zilizochunguzwa sana kwa sababu kituo cha nyuklia cha Millstone kipo jirani. Anayehesabu muda wa mradi bila kuondoa miezi hiyo atawahukumu wajenzi vibaya.

FundiMadaraja aliandika:

Nimerudi kuongeza kidogo baada ya kusoma majibu ya wenzangu. Mleta mada, kama muda unaruhusu, weka sura ya kulinganisha na Daraja la Mto Connecticut, kati ya Old Saybrook na Old Lyme, maili kadhaa magharibi kwenye reli hiyo hiyo. Nalo ni la mwaka 1907, nalo ni la kuinuka, na ujenzi wa mbadala wake ulianza mwaka 2024. Limepangwa kwa njia ile ile: daraja jipya la kuinuka linajengwa futi 52 kusini mwa la zamani, treni zikiendelea kupita. Upande wa Old Lyme, katika Ferry Landing State Park, ipo njia ya mbao ya umma inayopita chini ya daraja hilo.

Tofauti ni kwamba pale njia inalikatiza daraja badala ya kuambatana na tuta, kwa hiyo tatizo kubwa si mawimbi bali ni usalama wa watu walio chini ya kazi ya chuma, na kufungwa kwa njia kwa kipindi kirefu. Kama ningekuwa wewe, ningefungua michoro ya mradi na kutafuta vitu vitatu: njia ya umma imechorwa katika karatasi zipi, kina cha nguzo zake kimetokana na hesabu zile zile za mkondo na dhoruba zilizotumika kwa daraja au na nyingine, na imewekwa katika mkataba upi na ratiba ipi. Majibu hayo yatakuonyesha kama njia ilifikiriwa tangu mwanzo au iliongezwa baadaye.

MawimbiNaMchanga aliandika:

Naunga mkono, na kwa Niantic ongeza picha za angani za kabla ya 2010, za mwaka 2013 na za baada ya 2016. Pima upana wa mchanga katika sehemu zile zile kwenye kila picha, ukizingatia saa ya maji kujaa na kupwa, kwa maana picha iliyopigwa maji yamekupwa itakudanganya. Fanya hivyo kwa sehemu iliyo karibu na mdomo wa mto na kwa sehemu iliyo mbali nao, kwani mkondo wa mlangoni huhamisha mchanga kwa namna yake, tofauti na mawimbi ya ghuba. Ukizipata namba hizo, zilete hapa tuzisome pamoja.